Njaa ya Mwizi, Mtaji wa Mama Ntilie

Kijana anayelala kwenye baraza la duka, akiiba, mara nyingi haibi dukani. Duka lina kufuli, lina mlinzi mwenye rungu, na siku hizi lina kamera. Tajiri naye yumo ndani ya gari, vioo juu. Anayefikika ni mama anayewasha jiko la maandazi stendi saa kumi na moja alfajiri, hela zake kazifunga kwenye pindo la khanga. Ni mzee asiyeona aliyeweka kibakuli miguuni. Ni mwenzake mwenyewe aliyelala pembeni, viatu kaviweka chini ya kichwa, kwa kuwa asipofanya hivyo ataamka peku.

Ndiyo maana ule mjadala wetu wa "aliiba kwa shida, asamehewe" hukosa shabaha. Tukiujadili, tunamweka maskini mmoja mbele ya ghala la tajiri mmoja, kisha tunauliza kama ana haki ya kuvunja. Swali hilo lilishajibiwa zamani, na majibu mengi yalikuwa ya huruma. Mwaka wa 18 wa Hijria, ukame ulipoikumba Bara Arabu, Khalifa Umar bin Khattab alisimamisha adhabu ya kukata mkono wa mwizi. Katika karne ya 13 Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kanisa Katoliki, aliandika kwamba mtu aliyefikwa na dhiki ya mwisho akichukua cha mwingine ili asife, huo si wizi. Mwaka 2016 mahakama ya juu kabisa ya rufaa nchini Italia ilimfutia hatia mtu asiye na makazi aliyechukua jibini na soseji za euro 4.07 kwenye supamaketi mjini Genoa. Mahakama za chini zilikuwa zimempa kifungo cha miezi sita na faini ya euro 100.

Waingereza walikaza. Katika kesi ya Southwark dhidi ya Williams, iliyochapishwa mwaka 1971, familia zisizo na makazi ziliingia katika nyumba tupu za halmashauri jijini London, zikashindwa mahakamani. Jaji Denning aliona kwamba njaa au kukosa makazi vikikubaliwa kuwa utetezi, hakuna nyumba ya mtu itakayosalimika. Kanuni za adhabu za Kenya na Tanzania zina asili yake katika sheria ya Kiingereza. Zinamtambua mtu aliyetenda kosa kwa kutishiwa kuuawa na wenzake, lakini njaa hazikuitaja.

Hebu tuukague msingi wa hao wenye huruma. Hoja ya Aquinas inasimama juu ya ziada: kile alichonacho mtu kupita mahitaji yake kina wajibu kwa maskini. Supamaketi ya Genoa haikulala njaa kwa euro nne. Hugo Grotius, mwanasheria wa Kiholanzi, alipoandika juu ya jambo hilo mwaka 1625 aliweka wazi mpaka wake. Haki ya mwenye dharura haipo pale ambapo mwenye mali naye yumo katika dhiki ileile. Wakilingana, mwenye mali anatangulia.

Sasa tukipeleke kigezo hicho stendi. Tuseme mtaji wa yule mama ni shilingi 40,000 za Tanzania. Humo mna unga, mafuta, sukari na mkaa wa leo, na faida ndogo ambayo ndiyo chakula cha nyumbani. Zikichomolewa asubuhi, kesho hakuna maandazi. Keshokutwa marejesho ya kikoba yanamsubiri, na akichelewesha anapigwa faini. Mwenye duka anayemkopesha unga atampa mara moja, ya pili atamwambia alipe kwanza deni la nyuma. Kwa aliyechukua, fedha hiyo ni chakula cha siku kadhaa, pengine na gundi. Basi mali haikutoka kwa aliyeshiba kwenda kwa mwenye njaa. Imemzalisha mwenye njaa wa pili, na huyu ana watoto watatu nyumbani.

Mwenye njaa hana miiko, watasema wahenga. Sawa, lakini methali hiyo inaeleza hali, haitoi hukumu. Na huyo asiye na miiko bado alichagua: alimpita mlinzi, akawapita vijana wa bodaboda, akasimama kwa asiyeweza kumkimbiza. Unyonge wa mama ndio uliomfanya ateuliwe. Kwa maoni yangu hilo linaongeza uzito wa kosa, hata kama tumbo la mkosaji lilikuwa tupu kweli.

Lakini katika uchaguzi huo na sisi tuna mkono wetu. "Wananchi wenye hasira kali," kama magazeti yanavyowaita, kana kwamba ni taasisi iliyosajiliwa, hawamuulizi mwizi alilala wapi. Wana tairi na petroli. Kijana anayejua kwamba anaweza kuchomwa kwa ajili ya simu atamtafuta mtu ambaye sauti yake haifiki mbali. Ukatili tunaodhani unawalinda wanyonge unawapeleka wezi kwao.

Mahakamani mambo haya hutenganishwa, nasi tuyatenganishe. Kuna kama ana hatia, na kuna adhabu gani inamfaa. Tunaisoma kila wiki: mshtakiwa aliiomba mahakama imhurumie kwa kuwa ni kosa lake la kwanza na ana familia inayomtegemea. Ombi hilo ni halali, na kukosa pa kulala kunastahili kuingia humo. Mtoto ndiye zaidi. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hawezi kubeba hatia ya jinai kabisa. Lakini angalia: awe ameiba mtoto wa miaka 10 au mtu mzima mwenye nguvu zake, shilingi 40,000 za mama ni zilezile. Udhuru wa mwizi haulipi deni la aliyeibiwa.

Hapo ndipo kisa kingine cha Umar, kilichomo katika kitabu cha Muwatta cha Imam Malik, kinanivutia kuliko kile cha mwaka wa njaa. Watumwa wa Hatib walimwiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna wakamchinja. Umar aliamuru wakatwe mikono, kisha akasita akamgeukia Hatib: alimshuku kwamba anawaacha na njaa. Akamuuliza mwenye ngamia bei yake. Akajibu kwamba alishakataa dirhamu 400. Umar akamwamuru Hatib alipe 800. Malik mwenyewe anaongeza kwamba huko kulipisha maradufu hakukuwa desturi iliyofuatwa Madina. Hata hivyo mwenye ngamia alilipwa, na aliyesababisha njaa ndiye aliyelipa.

Kwetu Hatib hana jina moja. Yumo baba aliyempiga mtoto hadi akakimbilia mjini, wamo ndugu waliogawana nyumba ya marehemu, imo halmashauri inayowafukuza vijana barazani usiku bila kuwaonyesha pengine pa kwenda. Mahakama za Kenya na Tanzania zina mamlaka ya kuamuru fidia, ila fidia ya kijana asiye na hata godoro itabaki kwenye karatasi. Tuigeukie basi halmashauri. Za Tanzania zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwenye karatasi mama wa stendi yumo, kijana wa barazani yumo, mzee wa kibakuli yumo. Lakini mikopo hiyo kwa kawaida hupitia vikundi, kikundi lazima kisajiliwe, na kijana asiyejulikana na mwenyekiti wa mtaa wowote hasajiliwi kirahisi. Mama naye akipewa, atapewa mkopo: atalipa mara ya pili mtaji ambao tayari ulikuwa wake.