Baridi yabisi: Ukali wa ugonjwa unavyopimwa bila maabara

Kutoka Bwera, karibu na mpaka wa Uganda na Kongo, hadi hospitali ya Mulago jijini Kampala, yenye kliniki ya magonjwa ya viungo, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 350. Ni wagonjwa wachache wa baridi yabisi wanaoweza kuumudu kila mwezi. Hata hivyo, kipo kipimo cha ukali wa ugonjwa huu ambacho mhudumu wa afya aliyefunzwa anaweza kukifanya papo hapo wilayani Kasese, bila maabara wala mashine.

Licha ya jina lake, baridi yabisi haisababishwi na baridi ya milima ya Rwenzori. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando wa ndani wa viungo. Viungo huvimba, huuma na kukakamaa, hasa asubuhi. Usipodhibitiwa, mifupa hulika na vidole hupinda, na uharibifu huo hauondolewi kwa dawa.

Hatari ni kwamba vidonge vya kutuliza maumivu vinaweza kumpa mgonjwa nafuu ilhali viungo vinaendelea kuharibika. Ndiyo maana madaktari hawatosheki na neno "nafuu", bali hutafuta nambari.

Kipimo hicho huitwa CDAI. Mhudumu hukagua viungo 28: mabega, viwiko, vifundo vya mikono, magoti, na viungo 20 vya vidole vya mikono. Huhesabu vinavyouma vikibonyezwa, kisha vilivyovimba. Mgonjwa naye huupa ugonjwa wake alama kati ya 0 na 10, na mhudumu hutoa yake. Hesabu zote nne hujumlishwa.

Jumla isiyozidi 2.8 huonyesha kwamba ugonjwa umetulia. Isiyozidi 10, ukali ni mdogo. Zaidi ya 10 hadi 22, ni wa wastani. Zaidi ya 22, ni mkubwa.

Tuchukue mfano wa mkulima mwenye viungo 8 vinavyouma na 5 vilivyovimba, aliyejipa alama 6 na kupewa 5 na mhudumu. Jumla yake ni 24. Baada ya miezi mitatu ya matibabu, akipata 11, amepiga hatua kubwa, lakini hajafika. Huenda dawa, kama vile metotreksati inayotumiwa mara moja kwa wiki, ikahitaji kuongezwa au kubadilishwa. Bila nambari hizo, angeambiwa tu kwamba anaendelea vizuri.

Kipimo kingine, DAS28, hukagua viungo vilevile, ila huhitaji pia kipimo cha damu kinachoonyesha kiwango cha uvimbe mwilini.

Mambo mawili yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, nyayo na vifundo vya miguu havimo katika viungo hivyo 28. Anayepanda na kushuka vilima huku miguu ikimuuma anapaswa kulisema hilo bila kungoja kuulizwa. Pili, alama ya mgonjwa ni sehemu ya hesabu. Ustaarabu wetu hutufundisha kujibu "sijambo" hata tunapoumwa, lakini mbele ya mhudumu jibu hilo hupunguza jumla, na huenda likachelewesha dawa inayohitajika.

Wataalamu hushauri kipimo kirudiwe kila mwezi hadi miezi mitatu maadamu ugonjwa haujadhibitiwa. Mgonjwa ana haki ya kuuliza nambari yake na kuiandika katika daftari lake la matibabu, ili mhudumu mwingine, awe Bwera au Mulago, ajue aanzie wapi.