Ruta ya antena nane: unalipia nini hasa?

Ukipita maduka ya vifaa vya kompyuta Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Luthuli Avenue kule Nairobi, utaonyeshwa ruta zenye antena nne, sita, hata nane, na bei hupanda kila antena zinapoongezeka. Kabla hujatoa pesa, geuza boksi usome maandishi madogo.

Kinachostahili kulipiwa ni mikondo. Ruta ya antena nyingi hurusha mikondo kadhaa ya data kwa wakati mmoja kwenye masafa yale yale, na simu huitenganisha kwa antena zake. Mwaka 1996 Gerard Foschini wa Bell Labs alichapisha hesabu za mfumo huu, na jambo moja ndani yake linamhusu kila mnunuzi: idadi ya mikondo haizidi antena za upande wenye antena chache. Simu nyingi nzuri zina mbili za Wi-Fi. Za bei nafuu mara nyingi zina moja. Ruta ya mikondo minne ikizungumza na simu ya antena mbili, mikondo ni miwili tu. Antena za ziada si bure kabisa: hutuliza mawimbi kwenye chumba cha mbali, na zinasaidia watu wengi wakitumia pamoja. Lakini hazizidishi kasi ya simu yako mara nne.

Sasa namba za kwenye boksi. AC1200 ni jumla ya megabiti 300 kwa sekunde za 2.4 GHz na 867 za 5 GHz, kisha ikakuzwa kidogo. Simu kwa kawaida hukamata masafa mamoja kwa wakati, kwa hiyo 1200 haiipati. AX1500 na AX1800 zote zina 1201 kwenye 5 GHz. Nyongeza yote ya AX1800 iko kwenye 2.4 GHz. Kama vifaa vyako hukaa 5 GHz, umelipia usichokitumia. AX3000 nayo kwa kawaida ina mikondo miwili ileile, ila imepanua njia hadi MHz 160, na simu isiyokubali upana huo haifaidiki. Hizi zote ni kasi za kinadharia. Nyumbani tarajia nusu hivi, pungufu zaidi nyuma ya ukuta wa zege au wa mawe ya matumbawe.

Kwa anayetumia laini ya 4G hali ni nyingine, maana hapo antena ya nje inaweza kuokoa nyumba iliyo mbali na mnara. Nunua yenye nyaya mbili, ya mikondo miwili. Ile ya waya mmoja hukubakizia mkondo mmoja, ingawa palipo na mawimbi hafifu mno bado inaweza kusaidia. Waya uwe mfupi, kwa sababu mrefu hula mawimbi uliyoyafuata juu ya paa. Fungua ukurasa wa mipangilio ya ruta usome RSRP (nguvu ya mawimbi) na SINR (usafi wake dhidi ya kelele) kabla na baada ya kuifunga: RSRP ya -80 ni nzuri, -110 ni dhaifu. SINR ikiwa chini ya 5, mkondo wa pili haukusaidii sana.

Kwa kifurushi cha intaneti cha megabiti 30 au pungufu, AC1200 inatosha, hata yenye tundu la waya la megabiti 100. Ukivuka megabiti 100, tundu hilo litakubana kabla ya antena, basi dai tundu la gigabiti. Nyumba ikiwa kubwa yenye kuta nene, ruta mbili za kawaida zilizounganishwa kwa waya zitakufaa kuliko moja ya antena nane.

Simu yako ina mikondo mingapi? Simama karibu na ruta ya aina ya AC (kama AC1200), fungua mipangilio ya Wi-Fi ya Android, utazame kasi ya muunganisho kwenye 5 GHz. Ikionyesha 433, ina mmoja. 866, ina miwili. Fanya hivyo kabla ya kwenda dukani, na ukinunua, chukua risiti na ukubaliane kabisa na muuzaji kwamba ruta isipofaa unairudisha.