Je, Wajua? Jicho Laweza Kuandika

Kompyuta inaweza kuendeshwa kwa macho tu. Taa ya infraredi humulika jicho, kamera husoma mboni na mng'ao wa taa hiyo kwenye jicho, kisha programu hukadiria unapotazama. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwenye skrini, kosa la digrii 1 ni kama sentimita 1. Ndiyo maana vitufe huchorwa vikubwa. Mwaka 1990, Mmarekani Robert Jacob alieleza tatizo la kila kitazamwacho kujibonyeza. Dawa yake: kitufe kisubiri jicho litulie kidogo. OptiKey, kibodi ya macho iliyotolewa 2015, ni ya bure, ila huhitaji kifaa cha kufuatilia macho. Mtoto wa Likoni au Changamwe, Mombasa, asiyeweza kushika kipanya anastahili nafasi ya kuandika kwa macho.