Kwenda Pemba: Mambo ya Kupanga Kabla ya Kupanda Chombo

Kila mwaka likizo za shule zikikaribia twasikia jamaa wakiulizana habari za matembezi: waende wapi na watoto, na fedha yao itafika wapi. Wengi hutaja Unguja, kwa kuwa njia yake ni nyepesi na habari zake zajulikana. Wachache mno hutaja Pemba. Tena walimu wengi walitamkao jina lake kila mwaka katika somo la jiografia hawajapata kukanyaga ardhi yake. Kwa hiyo tumeona vema kuandika habari za safari ile, hasa safari ya mji wa Wete, ulio upande wa kaskazini-magharibi ya kisiwa, ili mwenye nyumba atakaye kwenda na watu wake ajue lipi litangulie na lipi lifuate.

Linalotangulia ni bahari. Msomaji na atazame ramani. Pemba iko kaskazini ya Unguja, na kati ya visiwa hivi pana maji yapatayo kilomita 50. Na kwenda pwani ya Bara ni kiasi kama hicho. Lakini ramani ya darasani haionyeshi kina. Unguja imekaa katika maji haba, na wenye elimu ya miamba wasema kwamba zamani sana, bahari ilipopungua, iliungana na Bara. Pemba sivyo. Mkono wa bahari uitengao na Bara mahali pengine hupita mita 700 kwenda chini. Ndiyo sababu wanyama wengi wa Bara hawaonekani kule, na wako ndege na popo wasiopatikana mahali pengine po pote duniani. Mambo yote ya Pemba yaliyo mazuri kwa mgeni, na yote yaliyo mazito kwa msafiri, yatoka katika jambo hili moja, kwamba kisiwa kimetengwa na maji mengi.

Wala hatusemi haya ili kuwatia watu hofu. Vyombo huenda na kurudi, na Wapemba husafiri kama sisi tupandavyo basi. Lakini yako mambo ambayo haifai kuyanyamaza mbele ya baba na mama wachukuao watoto. Usiku wa tarehe 9 Septemba 2011 meli iitwayo MV Spice Islander I, iliyoundwa mwaka 1967, iliondoka bandari ya Malindi, Unguja, kwenda Pemba. Zilikuwa siku chache baada ya Idi, na watu wengi walikuwa wakirudi makwao. Meli ilikuwa imejaa watu na mizigo kupita kipimo chake. Habari zilisema kwamba wako abiria walioona jinsi ilivyojaa, wakashuka. Baada ya saa sita za usiku, ikiwa katika mkondo wa Nungwi, ilipinduka ikazama. Watu zaidi ya 600 waliokolewa. Maiti wapatao 200 wakaopolewa. Na jamaa wengine wengi hawakupata hata mwili wa kuzika. Mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, wakati wa upepo mkali.

Katika habari hizi twapata mambo ya kupanga, na twayataja waziwazi. Kwanza, mwenye safari na awe na siku ya akiba, mbili zikipatikana. Mtu ambaye kazi yake yamngoja Jumatatu asubuhi, naye yuko bandarini Jumapili, hawezi tena kuchagua; atapanda cho chote kitakachokuja, hata kama macho yake yamwambia asipande. Mwenye siku ya akiba aweza kusema, "Leo hatuendi," akarudi kulala. Twaona siku ile ya akiba yafaa kulipiwa kabla ya zawadi na kabla ya nguo mpya.

Pili, neno lile la kukataa lipewe mtu mmoja tangu nyumbani. Mkiwa kundi, kama walimu na wanafunzi, au kwaya, na ajulikane mapema ni nani mwenye amri ya kusema "tunashuka", na wengine wasibishane naye gatini. Tumeona mara nyingi kundi la watu wazima likisimama mbele ya gari lililojaa, kila mmoja akimngoja mwenziwe aseme, hata mwisho wote wakaingia. Chombo cha bahari si gari la kuteremka njiani.

Tatu, jina la kila mtoto liandikwe katika orodha ya abiria, hata la mtoto wa kupakatwa. Ilipozama Spice Islander, watu walibishana miezi mingi juu ya hesabu ya waliokuwamo, kwa kuwa orodha haikulingana na watu. Mzazi asiridhike kuambiwa, "Huyu mdogo, mpitishe tu." Mkiisha kuingia, ulizeni majaketi ya kuokolea yako wapi, mkawaonyeshe watoto jinsi yanavyofungwa. Watacheka, na wacheke, mradi wajue.

Sasa tuje kwenye majira. Watu wa pwani huhesabu mwaka kwa pepo. Kusi huvuma tangu kama mwezi wa Aprili hata Septemba, na nguvu yake kubwa ni katika Juni, Julai na Agosti. Ndipo bahari huchafuka, na hata mtu mzima mwenye moyo mgumu hutapika. Kaskazi huvuma Desemba hata Machi. Kati ya pepo hizi bahari hutulia kidogo. Masika ya Machi hata Mei si wakati wa mgeni, kwani Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, na njia za mashamba hugeuka matope. Sisi tungechagua Septemba na Oktoba, au Januari na Februari. Likizo kubwa ya katikati ya mwaka, ambayo ndiyo wengi waipatao, huangukia katika kusi. Na mwenye kwenda wakati huo aulize habari za hewa siku kwa siku, tena awe tayari kungoja.

Liko jira moja jingine lisilopasa kusahauliwa, nalo ni mwezi wa Ramadhani, usogeao nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka. Karibu watu wote wa Pemba ni Waislamu. Mchana wa Ramadhani migahawa hufungwa, na si adabu kula wala kunywa mbele ya watu. Mwenye watoto wadogo yafaa achague mwezi mwingine, isipokuwa amealikwa na mwenyeji; maana aliyealikwa futari Pemba amepata heshima, na aende.

Njia zenyewe ni hizi. Vyombo vingi hutoka Unguja, na vingine huanzia Dar es Salaam. Vingi hutia nanga Mkoani, mji wa kusini, na vingine huenda Wete moja kwa moja. Zipo boti za kwenda kasi, na zipo meli kubwa zichukuazo magari na shehena. Siku na saa hubadilika, kwa hiyo ulizeni ofisini wiki ile ile ya safari, msitegemee karatasi ya mwaka jana. Mwenye fedha zaidi, au mgonjwa asiyeweza bahari, aweza kupanda ndege ndogo kutoka Unguja, akashuka uwanja wa Karume ulio karibu na Chake Chake, kwa muda wa nusu saa hivi. Kutoka Mkoani mpaka Chake Chake ni kama kilomita 30, na kutoka hapo mpaka Wete ni kama hizo tena. Daladala huenda mchana kutwa, lakini jioni hupungua upesi. Mtu atakayefika Mkoani magharibi na alale hapo hapo. Chukueni vitambulisho vyenu, na fedha taslimu ya kutosha, kwani benki ziko mijini tu.

Wete ni mji mdogo juu ya mlima, na chini yake ni bandari iliyozungukwa na visiwa vidogo na mikoko. Ng'ambo ya maji ni Mtambwe Mkuu, palipokuwa na mji wa kale. Mwaka 1984 wachimbuzi walifukua huko sarafu zaidi ya 2,000, karibu zote ndogo za fedha, na chache za dhahabu. Mwalimu atakayewasimamisha wanafunzi ufukweni Wete na kuwaonyesha Mtambwe kwa kidole amewafundisha historia kuliko kitabu, maana wataona ya kuwa watu wa pwani hii walikuwa na fedha yao na biashara yao karibu miaka 1,000 iliyopita.

Mahali pengine pa namna hii ni Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake, palipo na magofu ya ngome ya Mkama Ndume. Wenyeji husimulia ukatili wake, kwamba aliwalazimisha watu kuchukua mawe ya kujengea huku wakijikokota kwa makalio. Ikiwa ni kweli au ni kisa tu, jina lake halijasahauliwa kwa mamia ya miaka, na si kwa wema.

Popo wa Pemba tulishawataja. Ni wakubwa, wa rangi ya hudhurungi, nao hulala mchana wakining'inia mitini kama matunda. Katika miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache mno kwa kuwindwa na kwa misitu kukatwa; wanavijiji wakaanza kuwalinda, nao wakaongezeka tena hata kufikia maelfu mengi. Huko Kidike, kati ya Chake Chake na Wete, wageni hulipa kidogo wakawatazama. Kaskazini kabisa, kupita Konde, ni msitu wa Ngezi, mabaki ya msitu mkubwa wa zamani, na karibu yake pwani ya Vumawimbi.

Lakini ukituuliza kitu gani kikuu cha Pemba, tutasema karafuu, wala hatutabishana. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikanusurika, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zimetoka Pemba. Ukienda wakati wa mavuno, utawakuta watu wote kazini: wengine juu ya miti mirefu wakichuma, akina mama na watoto wakichambua karafuu na makonyo, na kando ya barabara majamvi yameanikwa, hata hewa yote ya kijiji yanukia. Usipite juu ya jamvi la mtu. Karibu na Chake Chake kuna kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo, na mgeni aweza kuomba kukitazama.

Tena ni lazima tuseme: miti hiyo mingi ya kwanza ilipandwa na kuchumwa na watumwa. Sultani Hamoud alitoa amri ya kukomesha utumwa katika Unguja na Pemba mwezi wa Aprili 1897. Mwaka ule ule Marafiki wa Uingereza, waitwao Quakers, walianza kazi yao Pemba, wakapata shamba la Banani katika hori ya Chake Chake, na huko watu waliotoka utumwani walichuma karafuu kwa ujira. Mzazi anaweza kuwaambia watoto habari hii wakiwa wameshika karafuu mikononi.

Habari ya adabu tutaisema kwa ufupi, kwani wasomaji wetu wana malezi. Wanawake na wajitande kanga au mtandio mabegani, wanaume wasivae kaptura mjini. Msiende na pombe. Mkikaribishwa nyumbani, vueni viatu mlangoni, na mwanamume asipite uani bila kuitwa. Mzee apewe shikamoo yake. Wapemba ni watu wa haya na maneno machache kwa mgeni wa siku ya kwanza. Siku ya tatu utaona tofauti. Msipige picha ya mtu, hasa mwanamke, pasipo idhini.

Chakula ni chema: samaki, pweza, muhogo, ndizi, wali wa nazi. Kimoja tu twakikataza, hata kikitolewa kwa ukarimu, nacho ni nyama ya kasa. Mwezi wa Machi 2024, katika Kisiwa Panza kilicho kusini ya Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa kwa kuila, na wengine wengi wakalazwa. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa, wala haina ladha ya kumwonya mlaji. Waambieni watoto kabla hamjatoka nyumbani, maana watacheza na wenzao na kula nao.

Mwisho ni kurudi. Mwenye kukaa Wete, na chombo chake chatoka Mkoani asubuhi, asitegemee daladala ya alfajiri. Na aondoke Wete jana yake mchana, alale Mkoani karibu na gati, na jioni ile aende mwenyewe kuuliza kama bahari ya kesho ni shwari.