Asidi ya Siki: Asilimia Tano Inatosha

Chupa ya asidi ya asetiki iliyokolea, ikiachwa usiku kucha katika stoo ya dawa huko Ngaramtoni mwezi Julai, yaweza kukutwa asubuhi imeganda mithili ya barafu. Hakuna kilichoharibika. Asidi hiyo, isipokuwa na maji ndani yake, huganda katika nyuzijoto 16.6 za Selsiasi, na baridi ya kipupwe kwenye miteremko ya Mlima Meru hushuka chini ya hapo. Wajerumani, kwa kuiona tabia hiyo, waliipa jina la siki ya barafu. Mtoa huduma asiyeijua huenda akaitupa chupa au, vibaya zaidi, akaipasha kwenye jiko la mkaa, ilhali mvuke wake huweza kushika moto kuanzia nyuzijoto 39 hivi. Yatosha kuisimamisha chupa katika maji ya uvuguvugu mpaka asidi yote iyeyuke, kisha kuichanganya taratibu kabla ya kupima.

Asidi hii huhitajika vituoni kwa sababu ya saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini Tanzania. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000 kwa mwaka mmoja. Wengi wao hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea, ingawa mabadiliko ya awali huchukua miaka mingi kabla ya kugeuka saratani.

Uchunguzi wenyewe ni mwepesi wa kustaajabisha. Mlango wa kizazi hupakwa asidi ya asilimia 3 hadi 5, mtoa huduma husubiri dakika moja kamili, kisha hutazama kwa macho chini ya mwanga mzuri. Seli zilizoanza kubadilika zina viini vikubwa na protini nyingi kuliko seli za kawaida. Asidi huzigandisha protini hizo kwa muda, na sehemu hiyo huonekana nyeupe. Baada ya dakika chache weupe hufifia. Doa jeupe si hukumu ya saratani: mara nyingi hutibiwa kwa kugandishwa au kwa joto, pengine siku hiyo hiyo. Huko Mumbai, India, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kipimo hiki, kikifanywa na wahudumu wa afya waliofunzwa kwa kazi hiyo, kilipunguza vifo vya saratani hii kwa asilimia 31.

Lakini kila kitu hapa hutegemea hesabu ya asilimia, na hesabu hiyo huweza kukosewa kwa njia mbili. Asidi isiyozimuliwa ikipakwa mwilini huunguza, na kosa hilo hujulikana papo hapo kwa kilio cha mgonjwa. Kosa la pili ni la kimya. Kanuni iliyozoeleka ni mililita 5 za asidi iliyokolea katika mililita 95 za maji yaliyochujwa kwa mvuke, asidi ikimiminwa ndani ya maji. Mtu akiifuata kanuni hiyo kwa siki ya dukani, ambayo tayari ni asilimia 5, hupata maji yenye robo tu ya asilimia moja. Hakuna kitakachogeuka cheupe. Mama mwenye mabadiliko ya hatari ataambiwa yu salama, na atarudi nyumbani Tengeru au Usa River kwa amani isiyo yake. Kosa hili ndilo la kuogopwa zaidi, kwa kuwa halina dalili.

Siki ya dukani yaweza kutumika kwa kipimo, bila kuzimuliwa, iwapo lebo yake inataja nguvu ya asilimia 3 hadi 5. Ile itokanayo na pombe ya ndizi iliyochacha ina asidi ile ile, iliyotengenezwa na bakteria kutokana na kilevi; ila nguvu yake haijulikani, na nafasi yake ibaki jikoni.

Wapo pia wapenzi wa kemia ya nyumbani wanaotaka kuikoleza siki kwa kuichemsha. Maumbile hayawasaidii. Maji huchemka katika nyuzijoto 100 na asidi katika 118, tofauti ndogo mno kwa sufuria na mpira wa maji. Vyote viwili hupaa pamoja. Arusha, iliyo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzijoto 95, lakini asidi nayo hushuka vivyo hivyo, hivyo mwinuko haumpunguzii mtu kazi. Kinachobaki ni mvuke unaochoma macho na mapafu. Wanaojaribu kutumia maji ya betri hujiongezea asidi ya salfa, na betri kuukuu huleta risasi. Asidi iliyokolea ikimwagikia ngozi au macho, sehemu hiyo ioshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, bila kupaka magadi wala maziwa, kisha mgonjwa apelekwe kituoni. Aliyeimeza asilazimishwe kutapika, kwani itaunguza koo mara ya pili.

Kwa anayekwenda kupimwa, asidi ya kipimo huleta mwasho mdogo unaopita upesi. Maumivu makali si ya kawaida; aseme mara moja, na sehemu ioshwe kwa maji safi. Kujiosha ukeni kwa siki nyumbani si kipimo wala kinga. Mwanamke wa miaka 30 hadi 50 ana haki ya kuulizia uchunguzi huu hata kama amekwenda kituoni kwa jambo jingine. Mwenye virusi vya UKIMWI asisubiri umri huo, kwani kwake mabadiliko huenda kasi zaidi.

Kituoni, chupa iliyozimuliwa iandikwe asilimia, tarehe na jina la aliyeichanganya. Ile iliyokolea ifungiwe kabati jingine, mbali na meza ya uchunguzi, na masalio ya siku yamwagwe jioni.