DAWA ZA MITISHAMBA ZIPIMWE

Vita vya kupambana na maradhi ni vita vya kila mwananchi, kwani mfanyakazi mgonjwa hawezi kazi, na nyumba yenye mgonjwa huingiwa na umaskini. Leo twapenda kuwaeleza ndugu zetu habari ya hatari iliyozuka katika vita hivyo, na ya silaha moja tuliyoikalia bila ya kuinoa.

Hatari ni hii. Dawa za antibiotiki, ambazo tangu Alexander Fleming alipoigundua penisilini mwaka 1928 zimeokoa watu wasiohesabika, zinaanza kushindwa, maana vijidudu vimezizoea. Fleming mwenyewe alionya mwaka 1945, katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel, kwamba mtu atumiaye dawa hiyo pungufu ya kipimo huvifundisha vijidudu kuistahimili. Onyo hilo halikushikwa. Mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya vijidudu sugu, na Afrika kusini ya Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito kupita wote. Nani miongoni mwetu hajamwona mtu akinunua vidonge vichache dukani bila ya cheti cha daktari, akavimeza siku mbili, na alipopata nafuu akaviacha vilivyobaki?

Katika dhiki hii wako wasemao turudi kwenye miti ya babu zetu. Wako pia wasemao miti hiyo ni ushirikina mtupu. Sisi twaona kwamba wote wamepotea njia, kwa kuwa wote wanahukumu kabla ya kupima.

Natutazame mfano wa China. Mwaka 1967 nchi hiyo ilianza kutafuta dawa mpya ya malaria. Bibi Tu Youyou na wenzake walikusanya maelekezo ya dawa za jadi zaidi ya 2,000. Mmea mmoja, qinghao, ulionyesha nguvu, kisha nguvu ikapotea. Ndipo alipokisoma tena kitabu cha kale kilichoagiza mmea huo ulowekwe katika maji na kukamuliwa, wala hakikutaja kuuchemsha. Akatambua kwamba moto ndio ulioiharibu dawa. Mwaka 1971 aliitoa kwa njia isiyohitaji moto mkali, ikafaulu. Na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Kweli, malaria si ugonjwa wa kutibiwa kwa penisilini, lakini funzo ni lile lile: mganga wa kale alijua jambo, na maabara ndiyo iliyolithibitisha.

Upimaji wenyewe si uchawi. Vijidudu hupandwa katika sahani yenye chakula chao kilichogandishwa, kisha hutiwa maji ya mmea. Mmea wenye nguvu huacha duara tupu kuuzunguka, nalo hupimwa kwa milimita. Majani ya mwarobaini, kwa mfano, yameonyesha duara hilo mara nyingi. Lakini wengi hukomea hapo na kupiga vigelegele, na hapo ndipo penye udanganyifu. Hata siki huua vijidudu katika sahani, wala hakuna atibuye homa ya mapafu kwa siki. Yapasa kujua ni kiasi gani cha dawa kitoshacho, kama kiasi hicho chaweza kufika katika damu bila ya kudhuru ini na figo, na mwishowe kama wagonjwa walioitumia wamepona sawa na waliotumia dawa ya hospitali. Tena mganga huchemsha kwa maji, hali maabara nyingi hutumia spiriti. Basi kilichopimwa huenda kisiwe kile anachokunywa mgonjwa.

Nchi yetu haianzi na mikono mitupu. Kitengo cha kuchunguza dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, kikawa Taasisi kamili mwaka 1991, na sheria ya tiba asili ikapitishwa mwaka 2002. Lakini tunakumbuka pia mwaka 2011, maelfu ya watu walipopanga foleni Loliondo kunywa kikombe cha shilingi 500 ambacho hakikuwa kimethibitishwa kuponya. Kiu ya wananchi ni kubwa. Isipokatwa kwa elimu, itakatwa kwa uvumi.

Kwa hiyo twasema: maabara zetu zipewe fedha na vijana wenye ujuzi. Mganga atoaye siri ya mti wake aandikiwe haki yake, asije akaona dawa yake inauzwa ng'ambo naye hana hata senti. Miti ipandwe, kwani mti uliochunwa magome pande zote hufa, na dawa hufa nao.

Nasi wananchi, hata siku hiyo ifike, tuzitumie dawa za hospitali kwa kipimo cha daktari hadi mwisho wake, na tumweleze daktari kila mzizi tunaotumia nyumbani. Mtoto ahemaye kwa shida asicheleweshwe kwa majani yasiyopimwa. Apelekwe hospitali mara moja.

Tusiudharau mti, wala tusiusujudie. Tuupime.