Isiolo: Bandari isiyo na bahari, na kwa nini Kipsing inakuhusu

Panda matatu ya Isiolo kutoka Nairobi, keti karibu na abiria anayeelekea Marsabit au Moyale, halafu msikilize akipiga simu. Usishangae akisema, "Nilikuwa Kenya, sasa narudi nyumbani." Hatanii. Kwa wazee wengi wa kaskazini, Kenya ilianzia Isiolo, pale kwenye kizuizi cha polisi.

Huenda wewe unaijua Isiolo kwa miraa inayopita, kambi za jeshi na yale matangazo ya ploti yanayojaa kwenye simu yako. Ila mji huu umefanya kazi ya bandari kwa karibu karne nzima. Bahari haina, lakini kila kitu cha bandari kipo: geti, ukaguzi, karantini, vibali na ugomvi usioisha kuhusu nani mwenye funguo.

Bandari ya kwanza ilikwenda na maji

Hebu tuanzie mbali kidogo. Mwanzoni mwa karne iliyopita, eneo la Jubaland lilikuwa chini ya Waingereza, sehemu ya koloni tunayoiita Kenya leo. Bandari yake ilikuwa Kismayu. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia eneo hilo, kama shukrani ya kupigana upande wake katika Vita Kuu ya Kwanza. Kismayu ikaondoka na ardhi yake. Wafugaji waliokuwa wakivuka kwenda na kurudi hawakuulizwa kitu, ila asubuhi yake jamaa wa ukoo mmoja walikuwa wakitawaliwa na dola mbili tofauti.

Kaskazini iliyobaki, iliyoitwa Northern Frontier District (NFD), ilifungwa. Sheria ya 1902 ilikuwa tayari imeyafanya maeneo ya pembezoni kuwa marufuku kuingia bila kibali. Ile ya 1934 iliwapa maafisa nguvu za kukamata watu wa kabila zima na kuchukua mali yao kwa kosa la wachache.

Geti la ngome hiyo likawa Isiolo. Ulikuwa mji mchanga wa miaka ya 1920, ambapo askari wa Kisomali waliopigania Uingereza vitani walipewa nafasi ya kuishi pamoja na mifugo yao. Karantini ikawekwa. Ng'ombe wa kaskazini hakuteremka kuelekea masoko ya kusini bila kupitia hapo, na hilo liliwafaa sana masetla wenye ranchi zao Laikipia. Baadaye mji ukawa makao ya utawala wa NFD yote.

Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana na Wameru wote walikutana kwenye geti hilo. Kila mmoja ana hadithi yake kuhusu nani alifika kwanza, na hadithi hizo bado zinapiga kura hadi leo.

Bendera mbili, mji mmoja

Uhuru ulipokaribia, swali likawa rahisi kulitamka na gumu kulijibu: kaskazini iende wapi? Mwaka 1962 Uingereza ilituma tume ya watu wawili, Mnigeria na Mkanada, kuwauliza wananchi. Wengi, hasa Wasomali, walisema wanataka kuungana na Somalia. Wengine walikataa. Isiolo yenyewe iligawanyika.

Machi 1963 Waingereza wakatangaza uamuzi: NFD inabaki Kenya. Garissa, Wajir na Mandera zikawa mkoa wao. Isiolo na Marsabit zikaunganishwa na Mkoa wa Mashariki. Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza.

Tarehe 28 Juni mwaka huohuo, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, alipigwa risasi na kuuawa karibu na Modogashe pamoja na Chifu Haji Galma Dida. Wote wawili walipinga kujitenga. Kama umewahi kupita Wabera Street katikati ya Nairobi ukikimbilia gari, sasa unajua jina lilitoka wapi.

Desemba 1963, siku chache tu baada ya uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari. Vita vya Shifta vikaendelea hadi Kenya na Somalia zilipoafikiana jijini Arusha Oktoba 1967, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia akiwa msuluhishi.

Lakini uliza Mborana yeyote mzee wa Garba Tulla au Merti kilichomuumiza zaidi. Atakwambia kambi. Watu walikusanywa kwenye manyatta zilizolindwa na askari, mifugo ikazuiwa kutembea. Ngamia na ng'ombe wasiotembea hawali, na wasiokula hufa. Familia zilizokuwa tajiri zikatoka humo mikono mitupu. Wakati huo wanauita Gaaf Daaba, yaani enzi ya kusimamishwa.

Kisha mlango wa haki nao ukafungwa. Sheria ya Kinga ya 1970 iliwalinda maafisa wa serikali dhidi ya kesi za matendo yao huko kaskazini kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Isiolo imetajwa ndani yake kwa jina. Sheria za hali ya hatari zenyewe zilidumu hadi 1991. Kama mzazi wako alizaliwa Isiolo miaka ya sabini, sehemu kubwa ya utoto wake ilipita chini ya sheria ambazo mtoto wa Nyeri hakuzijua.

Sasa geti limekuwa mali

Baada ya miaka yote ya kufungwa, ghafla kila mtu anataka kuingia. Ruwaza ya 2030 iliyozinduliwa mwaka 2008 iliutaja Isiolo kama mmoja wa miji mipya ya kitalii. Machi 2012 viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini walizindua ukanda wa LAPSSET mjini Lamu. Angalia ramani yake: barabara kutoka bandari ya Lamu inafika Isiolo, kisha inagawanyika, mkono mmoja kwenda Moyale na Ethiopia, mwingine kwenda Turkana na Sudan Kusini. Geti la mkoloni limegeuka njia panda ya kanda nzima.

Lami ya kwenda Moyale ipo. Uwanja wa ndege upo, tena umekaa palepale ambapo Isiolo na Meru wanabishania mpaka. Gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa Mei 2021. Reli bado iko kwenye makaratasi.

Na ule mji wa kitalii? Ulipangiwa Pengo la Kipsing, kilomita kama 20 magharibi mwa mji wa Isiolo. Ekari 6,500. Hoteli na viwanja vya starehe kwenye michoro. Ila ukienda huko leo utakutana na mbuzi, ngamia, lugga kavu na wafugaji, wengi wao Wasamburu na Waturkana, wanaotumia pengo hilo kama njia ya kupeleka mifugo kwenye malisho ukame unapokaza.

Hapo ndipo historia inaporudi. Kwa mara nyingine ramani ya Kipsing ilichorwa mbali na Kipsing. Tofauti ni kwamba safari hii sheria imempa mwenyeji silaha, kama ataitumia.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema hivi: jamii ikisajili ardhi yake, hakuna anayeweza kuiuza bila kuungwa mkono na theluthi mbili ya wanachama wazima waliosajiliwa. Mkataba na mwekezaji nao unahitaji idadi hiyohiyo. Isiposajili, serikali ya kaunti ndiyo inayoishikilia kwa niaba yake, na hata fidia ikilipwa inaishia kwenye mikono hiyo kwanza.

Mwanachama mzima si mzee wa fimbo peke yake. Ukiwa na miaka 18, mvulana au msichana, unahesabiwa. Kwa hiyo kama nyumbani kwenu ni Kipsing, Oldonyiro au kokote ardhi ni ya jamii, na wewe uko Umoja au Rongai ukisaka kazi, piga simu uulize: je, tumesajili? Jina langu limo? Kamati ilichaguliwa lini?

Na kama wewe si wa huko, lakini dalali amekutumia picha ya "ploti karibu na mji wa kitalii", uliza swali moja kabla ya kutuma hata shilingi: hii ardhi ni ya nani, na waliikubali biashara hii lini? Akianza kukuzungusha, fahamu kwamba anakuuzia geti la watu wengine.